MKAWA: KICHAKA CHA MIIBA KINACHOFAA UDONGO MGUMU WA EASTLANDS

Mtu apitaye katika mitaa ya Eastlands, mjini Nairobi, mwezi wa Februari, kabla ya mvua kubwa kuanza, huona jambo lile lile kila mahali. Kuanzia Shauri Moyo na Kaloleni hadi Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole, ardhi iliyo wazi kati ya nyumba imekauka na kupasuka, na katika nyufa zake mtoto aweza kuingiza mkono. Maua yaliyopandwa mwezi wa Novemba yamenyauka. Miche iliyopandwa kwa sherehe imebaki vijiti. Wenyeji wengi wakiona hayo husema kwamba ardhi ile haifai kitu, nao huacha kujaribu tena.

Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu tangu asili. Kabla ya kuwapo nyumba, nchi hii ilikuwa mbuga ya nyasi na vichaka, na vichaka hivyo viliota bila kumwagiliwa na mtu yeyote. Kimojawapo ni mkawa. Mmea huu wajulikana sana na watu waliokulia mashambani, ingawa wengi wao hawajapata kufikiri kuupanda mjini. Makala hii yaeleza mkawa ni mmea gani, unavyofaa, jinsi ya kuuotesha, na hatari moja ambayo kila mzazi hana budi kuijua kabla ya kuupanda.

MKAWA NI MMEA GANI

Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, na Wamasai huuita olamuriaki. Kwa Waluo ni ochuoga, na kwa Wanandi na Wakipsigis ni legetetwa. Wataalamu wa mimea huuita Carissa spinarum, na katika vitabu vya zamani kidogo uliandikwa Carissa edulis. Mmea huu hauoti Kenya peke yake. Huonekana katika sehemu nyingi za Afrika, na pia Yemeni, Bara Hindi hata Australia. Mmea ulioenea hivyo katika nchi kavu ni dhahiri kwamba umezoea shida.

Mkawa ni kichaka chenye matawi mengi yaliyofungamana, nacho kwa kawaida hufikia urefu wa futi 6 hadi 12. Majani yake hudumu mabichi, yana rangi ya kijani iliyoiva, nayo huota mawili mawili yakielekeana. Miiba yake ni mirefu, migumu na iliyonyooka, na pengine hugawanyika kama uma. Tawi likivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Maua hutoka mafungu mafungu kwenye ncha za matawi, nayo ni meupe kwa ndani na mekundu kidogo kwa nje, yenye harufu nzuri inayosikika kutoka mbali, hasa jioni. Matunda ni madogo, ya mviringo. Kwanza huwa ya kijani, kisha mekundu, na yakiiva huwa ya zambarau iliyokaribia weusi. Tunda lililoiva ni tamu. Lililo bichi ni chachu, na utomvu wake hunata midomoni.

Watoto wachungaji wa Ukambani, Umasaini na kwingineko wamekula matunda haya vizazi na vizazi. Wamasai huchemsha mizizi yake katika supu ya nyama. Basi mkawa si mgeni katika nyumba za watu wa Kenya, wala hauhitaji kusifiwa na mtu wa mbali ili upate kupokewa.

KWA NINI UDONGO WA EASTLANDS NI MGUMU

Nairobi ina udongo wa namna mbili zilizo kuu. Upande wa magharibi na wa kaskazini, kwenye miinuko, udongo ni mwekundu, wenye kina, nao hupitisha maji vizuri. Upande wa mashariki nchi ni tambarare na udongo ni mweusi, ule uitwao udongo wa pamba. Tena mvua za mashariki ni chache kuliko zile za magharibi. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na mji ukaanza kujengwa, Wazungu walijitwalia miinuko yenye udongo mwekundu, na Waafrika wakawekwa mashariki. Mtaa wa Pumwani ulianzishwa mapema katika miaka ya 1920, Kaloleni ukajengwa katika miaka ya 1940, na mitaa mingine ikafuata. Kwa hiyo uchache wa miti katika mitaa hii hautokani na uvivu wa wakazi wake. Sababu moja kubwa ni kwamba walipewa ardhi iliyo ngumu kulimwa.

Yafaa kujua udongo huu mweusi hufanyaje kazi. Chembe zake ni ndogo mno. Mvua ikinyesha hunyonya maji na kuvimba, na nafasi zote zilizokuwa na hewa huzibika. Maji husimama juu, na mizizi ya mmea hukosa hewa ikaoza. Jua likiwaka, udongo ule ule hujikunja na kupasuka. Nyufa zake huikata mizizi midogo na kuiacha wazi kwa joto. Hivyo mche mchanga hupigwa mara mbili kwa mwaka mmoja: huzamishwa wakati wa mvua, kisha hukatwa mizizi wakati wa kiangazi.

Hata hivyo udongo mweusi hauna ubaya tu. Unashika chakula kingi cha mimea, na ukilowa hukaa na unyevu kwa muda mrefu. Kinachohitajika ni mmea ambao mizizi yake huvumilia kuvimba na kupasuka kwa udongo. Mkawa ni mmea wa namna hiyo. Katika mbuga na vilima vya Kenya huota kwenye mawe, kwenye mfinyanzi, na kwenye udongo mweusi wa pamba pia. Ukishashika mizizi, hustahimili kiangazi pasipo kumwagiliwa.

FAIDA ZA MKAWA NYUMBANI

Faida ya kwanza ni ua. Mikawa ikipandwa karibu karibu na kukatwa vizuri, matawi yake hufungamana hata mbuzi hapiti, wala mtu hapiti bila kuumia. Watu wa Nairobi huita ua wa namna hiyo michongoma. Ua uliozoeleka zaidi mjini ni wa kaiyaba, mmea uliotoka Afrika Kusini, na jina la mtaa wa Mukuru Kayaba hukumbusha ua huo. Kaiyaba ni ua imara, wala si lazima aliye nao aung'oe. Lakini mtu anayeanza upya aweza kupata ulinzi kama huo kwa mmea wa nchi yake mwenyewe.

Si hivyo kwa lantana, mmea wenye maua madogo ya rangi nyingi uliotoka Amerika. Lantana huenea kwa nguvu mahali pasipotunzwa, hufukuza mimea mingine, na majani yake huwadhuru ng'ombe na mbuzi wakiyala. Haifai kupandwa.

Faida ya pili ni kwamba mkawa ni mfupi. Katika mitaa yenye nyumba zilizosongamana, mti mkubwa huleta ugomvi: matawi hugusa nyaya za umeme, na kivuli huanguka kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Kichaka cha futi 6 hakileti matata hayo. Mwenye nyumba aweza kukiweka hata mahali ambapo nafasi ni hatua mbili tu kati ya ukuta na mtaro.

Faida ya tatu ni tunda. Halitamshibisha mtu, wala halitaleta fedha nyingi sokoni. Lakini kwa mtoto wa mjini, ambaye pengine hajapata kuchuma tunda kwa mkono wake mwenyewe, hilo si jambo dogo.

NDEGE, NYUKI NA VIPEPEO

Watu wengi hudhani kwamba wanyama na ndege wa porini ni mali ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi peke yake, ile iliyofunguliwa mwaka 1946 kusini ya mji. Lakini ndege hawajui mpaka wa mbuga. Huruka kutafuta chakula na mahali pa kutaga, na mahali wapatapo mambo hayo mawili ndipo hukaa. Katika sehemu nyingi za Eastlands hawapati lolote kati ya hayo, ila korongo marabu na mwewe ambao hupata riziki katika majaa ya taka.

Kichaka cha mkawa huwapa vyote viwili. Matunda yake huliwa na shore, yule ndege wa kichwa cheusi mwenye manyoya ya njano chini ya mkia, na kuzumburu wenye mikia mirefu. Ndege hula tunda, huruka, kisha hudondosha mbegu mahali pengine. Ndivyo mkawa unavyojipanda wenyewe porini. Katikati ya miiba ndege wadogo hujenga viota ambavyo paka hawezi kuvifikia kwa urahisi, wala mtoto mwenye manati. Nyuki hufuata maua mchana, na usiku huja nondo wakubwa wanaovutwa na ile harufu. Viwavi nao hula majani. Mwenye bustani asiogope akiona majani machache yametobolewa, kwa sababu viwavi hao ndio chakula ambacho ndege wengi huwalisha makinda yao.

Huenda mtu akauliza, ndege wana faida gani kwa mtu aliyepanga chumba kimoja? Jibu ni kwamba ndege hula wadudu wengi wanaoharibu sukuma wiki na mboga nyingine zilizopandwa katika magunia na vijibustani vya mitaani. Nyuki nao huchavusha maua ya maboga, ili yapate kuzaa. Palipo na kichaka cha maua karibu, mboga hufaidika.

HATARI YA KUFANANISHA

Hapa hapana budi kila mzazi na kila mwalimu asome kwa makini. Kuna mti mwingine unaofanana sana na mkawa, nao ni wa ukoo ule ule. Kwa Kiswahili huitwa msunguti, Wakikuyu huuita muricu, na Wamasai olmorijoi. Huu ndio mti ambao wawindaji wa zamani, wakiwamo Wakamba na Waata, walipikia sumu ya mishale. Sumu yake hushika moyo na kuusimamisha. Mshale uliopakwa sumu hiyo uliweza kumwua hata ndovu.

Msunguti nao una majani ya kijani iliyoiva, maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri, utomvu mweupe, na matunda ya zambarau. Mtu asiyezoea aweza kudanganyika. Tofauti iliyo kubwa ni hii: mkawa una miiba, na msunguti hauna miiba kabisa. Tena majani ya msunguti kwa kawaida ni makubwa na mazito zaidi, kama ngozi, na maua yake hukaa yamebanana penye vikonyo vya majani, bali ya mkawa hukaa kwenye ncha za matawi.

Kwa hiyo watoto wafundishwe sheria mbili rahisi. Ya kwanza: tunda la zambarau kwenye mti usio na miiba lisiguswe. Ya pili: hata mti wenye miiba, tunda lake lisiliwe mpaka mtu mzima anayeufahamu mti huo amelionyesha. Sheria hizi zitawalinda pia na oleanda, maua yanayopandwa sana mijini kwa uzuri wake, nayo ni ya ukoo huo na ni sumu tangu jani hadi mzizi. Mtoto akishukiwa kuwa amekula tunda au jani la mti wa sumu, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kitawi cha mti wenyewe ili daktari apate kuutambua. Asingojewe mpaka aanze kutapika.

Vivyo hivyo anunuaye miche ahakikishe kwamba ina miiba. Mche wa mkawa huanza kuonyesha miiba ungali mdogo. Mche usio na miiba usipandwe kwa kubahatisha.

JINSI YA KUOTESHA MICHE

Miche ya mkawa aghalabu haionekani katika vitalu vya kando ya barabara, maana wenye vitalu hupendelea maua ya kigeni yanayouzika upesi. Kwa mbegu za miti ya asili, mtu aweza kuuliza katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, yenye makao yake Muguga. Mtu aliye na jamaa mashambani aweza pia kuletewa matunda yaliyoiva. Lakini haifai kung'oa mimea katika Mbuga ya Taifa wala katika misitu ya serikali kama Karura na Ngong. Kufanya hivyo ni kosa, na mmea mkubwa uliong'olewa mara nyingi hufa.

Matunda yachaguliwe yaliyoiva kabisa, yaliyo meusi. Yapondwe kwa mkono ndani ya maji, nyama itolewe, na mbegu zioshwe mpaka utomvu uishe. Zianikwe kivulini siku moja au mbili, zisiwekwe juani. Kisha zipandwe upesi. Mbegu ya mkawa si kama mahindi, haifai kuwekwa ghalani kungoja mwaka ujao, kwa kuwa ikikaa hupoteza nguvu.

Vyombo vya kuoteshea si lazima vinunuliwe. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya, lakini pakiti za maziwa zilizotumika na makopo ya kimbo hufaa sana. Chombo kitobolewe chini ili maji yatoke. Kijazwe udongo mwekundu au wa msitu sehemu mbili, mchanga sehemu moja, na samadi iliyooza vizuri sehemu moja. Udongo mweusi peke yake usitumiwe katika chombo, maana utakuwa kama tofali. Mbegu mbili zitiwe kila chombo, zifunikwe udongo mwembamba tu, kisha chombo kiwekwe penye kivuli chepesi na kumwagiliwa kidogo kidogo kila asubuhi.

Miche ikiota, dhaifu ing'olewe na wenye nguvu uachwe. Mkawa haukui upesi mwanzoni, na mkulima asivunjike moyo. Mche uhesabiwe kuwa tayari ukifikia urefu wa futi moja hivi na shina lake likawa gumu. Majuma machache kabla ya kuhamishwa, usogezwe juani polepole na upunguziwe maji, upate kuzoea maisha yanayoungoja.

JINSI YA KUPANDA KATIKA UDONGO MWEUSI

Watu wengi hupanda katika udongo mweusi kama wanavyopanda katika udongo mwekundu wa kwao Murang'a au Kisii, nalo ndilo kosa linaloua miche mingi. Katika udongo mwekundu mtu huchimba shimo na kuuacha mche ukikaa chini kidogo, ili maji yakusanyike. Katika udongo mweusi shimo la namna hiyo huwa kama sufuria: maji huingia yasitoke, na mche huoza.

Basi shimo lichimbwe futi moja na nusu kwa upana na kwa kina, wakati udongo una unyevu, si wakati umekuwa jiwe wala wakati umekuwa tope. Vipande vya saruji, vioo na misumari vitolewe, maana katika mitaa mingi ardhi ya juu ni kifusi cha ujenzi. Udongo uliotoka uchanganywe na samadi au taka za jikoni zilizooza, na mchanga ukipatikana. Urudishwe shimoni mpaka ujae na kuinuka kuwa kilima kidogo chenye urefu wa shibiri moja. Mche upandwe juu ya kilima hicho, na mfereji mdogo uchimbwe kando ili maji ya mvua yapite.

Majira yaliyo bora ni mwanzo wa mvua kubwa, mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili, kwa sababu mche utapata miezi miwili au zaidi ya unyevu kabla ya baridi ya Julai. Mvua za vuli, zinazoanza Oktoba mwishoni, hufaa pia, lakini kiangazi cha Januari na Februari hufuata upesi, na mche utahitaji kuangaliwa zaidi. Kwa ua, mikawa ipandwe mistari miwili, futi mbili kati ya mche na mche, na mche wa mstari wa pili ukabili nafasi iliyo kati ya miche miwili ya mstari wa kwanza. Kwa kichaka kinachosimama peke yake, futi 6 ziachwe kila upande.

Mvua zikiisha, ardhi inayozunguka shina ifunikwe nyasi kavu au majani, unene wa inchi tatu, pasipo kuligusa shina lenyewe. Kifuniko hicho huzuia udongo usipasuke, na hivyo hulinda mizizi. Katika kiangazi cha kwanza mche upewe maji mara moja au mbili kwa juma. Maji yaliyooshea mboga yafaa. Yenye sabuni nyingi hayafai. Katika kiangazi cha pili mara moja kwa majuma mawili hutosha. Baada ya hapo mkawa hujitegemea.

Mche mchanga miiba yake ni laini, na mbuzi huupenda. Kwa kuwa mbuzi na ng'ombe hutembea ovyo katika mitaa mingi, kila mche uzungushiwe matawi makavu ya miiba mpaka upite urefu wa goti.

KUKATA NA KUTUNZA

Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mwenye ua wa mkawa asingoje mpaka umekuwa msitu ndipo atafute panga. Mche ukifikia futi mbili, ncha yake ikatwe ili utoe matawi ya chini, kwa sababu ua usio na matawi ya chini ni mlango wa mbuzi. Kisha ukatwe mara moja kwa mwaka, baada ya matunda kwisha. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, na mtu anayekata kila mwezi huondoa maua yote. Atapata ua ulionyooka, lakini hatapata tunda wala ndege. Matawi yaliyokatwa yasiachwe njiani, maana mwiba wa mkawa hupita soli ya ndala. Kwa sababu hiyo hiyo, usipandwe karibu na mahali watoto wachezapo mpira wala ukingoni mwa njia nyembamba.

MAHALI PASIPOFAA KULA TUNDA

Mkawa waweza kuota mahali pengi, lakini si kila mahali tunda lake lafaa kuliwa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa karibu na jaa la taka la Dandora. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walionekana kuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi cha kutia hofu. Udongo wa hapo pia ulikuwa na risasi nyingi. Madini haya hayaonekani wala hayana harufu, nayo hudhuru akili ya mtoto anayekua.

Kwa hiyo penye jaa, penye karakana za magari, na kwenye kingo za mito ya Nairobi, Ngong na Mathare ipokeayo maji machafu, mkawa upandwe kwa ajili ya kushika udongo na kwa ajili ya ndege tu. Watoto wasiokote matunda hapo. Hata matunda ya nyumbani yaoshwe kwa maji safi kabla ya kuliwa, kwa kuwa vumbi la barabara hukaa juu yake.

Isifikiriwe pia kwamba vichaka vitazuia mafuriko kama yale ya Aprili na Mei 2024, yaliyoharibu nyumba na kuua watu Mathare na Mukuru. Mafuriko makubwa hayazuiwi na mizizi peke yake. Lakini ukingo wenye mimea haumomonyoki upesi kama ukingo mtupu, na mahali palipopandwa na kutunzwa watu huona haya kutupa taka. Vijana wa kikundi cha Komb Green huko Korogocho, waliojiunga mwaka 2017, wameonyesha jambo hilo: ukingo wa mto uliokuwa jaa wameugeuza bustani ya watu wote.

KUPANDA NA KULINDA

Mtu anayetaka kupanda katika kiwanja cha watu wote, kama vile kando ya shule, kanisa, msikiti au ukumbi wa mtaa, hana budi kuomba ruhusa kwanza kwa wenye mahali hapo au katika ofisi ya Kaunti. Yafaa pia majirani wakubaliane mapema ni nani atakayemwagilia maji, maana mche wa watu wote mara nyingi huwa mche usio na mwenyewe.

Jambo hili lina historia yake hapa hapa. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji, kwenye mlango wa Eastlands, wakapanda miti saba ya asili. Ndio uliokuwa mwanzo wa kazi iliyoitwa baadaye Green Belt Movement, na mwaka 2004 Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Si yote saba iliyopona, na wanawake hao walijifunza mapema kwamba kupanda ni kazi ya siku moja, bali kulinda ni kazi ya miaka. Mwezi wa Desemba 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza nia ya kuotesha miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini haitatimizwa na miche iliyokufa.

Kwa sababu hiyo mkazi wa Eastlands asijione mnyonge kwa kuwa na mche mmoja tu katika pakiti ya maziwa. Ukipandwa juu ya kilima chake, ukafunikwa nyasi, ukalindwa na mbuzi kwa viangazi viwili, utasimama miaka mingi pasipo kudai maji wala mbolea. Na mtoto wa nyumba hiyo atajua jambo ambalo babu zake walilijua: tunda lipi ni la kula, na lipi ni la kuacha.